Chakula cha Shukrani

Kaka yake Mizue alipiga simu kutoka Tokyo kusema kwamba Alhamisi atakuja Kanazawa, na kwamba atampeleka kula kwa Shintani.

Kwa Shintani hapaingiliki hivi hivi. Watu hungoja msimu mzima kupata nafasi, na ukishaipata hakuna cha kuagiza. Unakaa kwenye kaunta ya mbao za mvinje, uso kwa uso na mpishi, na unakula anachoamua yeye, sahani baada ya sahani, kwa mwendo wake yeye.

"Ni asante yangu kwako," alisema Yasunori. "Kwa yote unayomfanyia Mama. Kwa kweli umejitolea, dada yangu."

"Kaka, kama ni kunishukuru, mimi ningeomba tu..."

"Naingia kikaoni. Tutaongea tukionana."

Tutaongea tukionana. Alisema hivyo mwaka mpya, akasema tena mwezi wa nane walipokwenda kusafisha kaburi la Baba, na kila walipoonana alikuwa na treni ya kuwahi au simu ya kupokea. Safari hii Mizue alijiambia kwamba haponyoki. Mtu aliyeketi kwa Shintani hanyanyuki mpaka chakula kiishe.

Alichotaka kumwambia hakikuwa kirefu. Mama yao, Fusae, alikuwa amepotewa na akili kidogo kidogo tangu mumewe afe. Mwanzoni alisahau majina, kisha akasahau jiko linawaka, sasa alisahau hata kwamba nyumba anayoishi ni yake, akawa anafungasha nguo zake kwenye kitambaa na kutaka kurudi kwa wazazi wake waliokwisha kufa zamani. Mizue, ambaye hakuolewa na ambaye hakuwahi kuhama nyumba hiyo, ndiye aliyebaki naye. Alikuwa fundi wa kukata karatasi za dhahabu katika karakana ya Higashiyama, kazi inayotaka mkono uliotulia na pumzi iliyobanwa. Kwanza alipunguza siku za kazi, halafu akaacha kabisa. Sasa nafasi ilikuwa imepatikana katika nyumba ya kulea wazee iliyo karibu na mto Asano, safi, yenye wauguzi wapole. Mwenye karakana naye alikuwa tayari kumrudisha. Lakini Mama, alipokuwa bado na akili zake, alimteua mwanawe wa kiume awe msimamizi wa mambo yake, na wenye nyumba ya wazee walitaka neno la Yasunori ifikapo Jumatatu inayofuata.

Alhamisi hiyo radi zilikuwa zinanguruma baharini na mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa inapiga mitaa. Jirani yao, Bi Nomoto, alikubali kukaa na Mama mpaka saa nane na nusu mchana. Mizue alimwachia namba ya simu ya mgahawa, akavaa koti lake zuri ambalo lilikuwa linanuka dawa ya nondo, akaenda.

Yasunori alikuwa mlangoni akimngoja, amenyolewa vizuri, shingoni ana skafu ya sufu laini.

"Umekonda," alisema.

"Silali."

"Leo utakula, utasahau yote. Twende."

Ndani palikuwa na joto na harufu ya kuni. Mke wa mpishi aliinama, akapokea makoti yao, kisha akanyoosha kikapu kidogo ili waweke simu zao. "Mkuu hapendi simu kwenye kaunta," alisema kwa tabasamu lisilotaka ubishi. Wageni wengine walikuwa wameshaketi: wazee wawili, mume na mke, na mabwana watatu wa kampuni waliokuwa wakinong'ona kama wako hekaluni.

Shintani mwenyewe alisimama nyuma ya kaunta, mwembamba, kichwa amenyoa, mikono myeupe kama ya daktari. Aliwatazama wageni wake mmoja mmoja.

"Bwana Kitade, karibu tena. Na huyu ndiye dada uliyenisimulia?"

"Ndiye. Shujaa wetu."

Mizue aliinamisha kichwa. Neno shujaa lilimkera. Alingoja mpishi ageuke, akamwelekea kaka yake.

"Kaka, kuhusu Mama. Kuna nafasi kule..."

"Tofu ya ufuta," alisema Shintani, akiweka kibakuli mbele yake. "Nimeisaga kwa mkono tangu alfajiri. Iliwe sasa hivi, ikiwa bado ina uvuguvugu."

"Lo!" alisema Yasunori. "Tangu alfajiri, Mkuu? Mashine haifai?"

Swali hilo lilikuwa kama kumfungulia mtu bomba. Shintani alieleza mashine inavyouunguza ufuta, akaeleza marehemu mwalimu wake alivyomsagisha mwaka mzima bila kumruhusu kushika kisu, akaeleza maji ya kisima anayotumia. Yasunori alitikisa kichwa, akauliza jingine, akajibiwa. Mizue alimaliza tofu yake kwa vijiko vichache, akabaki ameshika kijiko kitupu.

Ikaja supu, bakuli jeusi lenye kifuniko.

"Kwanza harufu," alisema Shintani. "Msiseme neno. Funueni, mvute, kisha mnywe."

Kaunta nzima ikanyamaza. Mizue alifunua, mvuke ukampiga usoni, na kilichomjia si harufu ya samaki wala ya majani ya limau. Aliwaza kama Bi Nomoto amekumbuka kufunga mlango wa nyuma kwa ndani. Alikunywa. Alipolitua bakuli na kufungua mdomo, mabwana wa kampuni walishaanza kusifu, na Yasunori alishajiunga nao.

"Kaka."

"Mm?"

"Nataka jibu lako leo. Nyumba ya wazee wanataka..."

"Mizue, ndiyo kwanza supu. Tule kwanza. Mambo hayo tutayaongea kwenye chai."

"Kwenye chai utaniambia treni yako ni saa kumi."

"Si ni kweli ni saa kumi?" alicheka, akampigapiga begani kama afanyavyo mbele ya wageni.

Radi ikapiga karibu, vikombe vikatikisika. Shintani aliinua kisu chake juu kidogo. "Hiyo ndiyo inayotuletea samaki wa baridi," alisema, na akaanza kukata vipande vya buri, vinene, vyenye mafuta yanayong'aa. Wote wakafurahi. Yule bibi mzee akapiga makofi kabisa. Mizue aliweka kipande mdomoni na kukitafuna. Alijua ni kizuri. Alijua kama mtu anavyojua kwamba mlima fulani ni mrefu, bila kuupanda.

Kila alipojaribu, kitu kilikuja. Alisema, "Daktari naye anashauri," ukaja mzizi wa yungiyungi uliosagwa na kupikwa kwa mvuke, na maelezo ya shamba ulikotoka. Alisema, "Juzi alitoka nje bila," mke wa mpishi akapita kumjazia Yasunori sake, pombe ya mchele, na Yasunori akauliza ni ya kiwanda gani. Yule mpishi alikuwa na haki ya kusema muda wote. Kaka yake alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye peke yake alikuwa anakatiza.

Kisha wakaja kaa. Kaa jike wadogo wa msimu, nyama yao yote imechambuliwa na kupangwa tena ndani ya gamba, mayai mekundu juu yake.

"Angalia hii kazi," Yasunori alinong'ona. Macho yake yalikuwa yamelowa kwa furaha na sake.

Mizue alimsogelea. Hakupaza sauti. "Kaka, nisikilize. Nimechoka. Sijalala usiku mzima hata mara moja tangu majira ya joto. Mama ananipiga anapoogeshwa. Nataka akae kwenye ile nyumba, na nataka kurudi kazini. Sema tu ndiyo. Neno moja, basi."

Yasunori alifumba macho, akashusha pumzi.

"Mizue, tafadhali," alisema. "Usiniharibie kaa."

Mizue alimtazama. Kaka yake alichukua vijiti, akachota mayai mekundu, akayaweka ulimini taratibu.

Sahani iliyofuata ilikuwa samaki wa kuchoma, mwekundu, mwenye koo jeusi, ngozi ikiwa bado inachemka mafuta. Shintani aliiweka mbele ya Mizue. Mizue akairudisha kwa vidole viwili mpaka upande wake mpishi.

"Nisamehe, Mkuu. Naomba nisubiri kidogo."

Mmoja wa mabwana wa kampuni alibaki na kikombe hewani.

"Samaki huyu hasubiri, bibie," alisema Shintani.

"Mimi nimesubiri muda mrefu kuliko yeye."

"Mizue!" Yasunori alicheka kicheko kikavu, akageukia kaunta. "Samahanini jamani. Dada yangu hajazoea..."

"Sijazoea nini? Kula? Ni kweli, sijazoea kula nimekaa." Sauti yake ilikuwa imepanda, na alipoisikia imepanda akaiacha ipande. "Mimi nakula nimesimama, kwenye sinki, mkono mmoja nimeshika mlango ili Mama asitoke. Umekuja kunishukuru? Hujauliza hata Mama anaendeleaje. Toka mlangoni hujauliza! Umeuliza ufuta, umeuliza sake, umeuliza maji ya kisima!"

"Punguza sauti. Tutaongea nje."

"Nje utapanda teksi."

Hapo ndipo mke wa mpishi alipotokea kwa ndani, uso umemwiva kwa aibu, akamwinamia Mizue sikioni. Lakini ukimya ulikuwa mkubwa hivi kwamba kila mtu alisikia.

"Kuna simu, ni jirani yako. Anasema mama amevaa viatu, anataka kwenda kwao, na yeye hamuwezi."

Mizue alikuwa ameshanyanyuka kabla maneno hayajaisha. Miguu yake ilifanya hivyo yenyewe, kama ilivyozoea. Alikuwa amegeuka nusu, mkono umeshaelekea kwenye koti, alipomwona Yasunori anachukua vijiti vyake. Alikuwa na sura ya huruma. Alikuwa anamwachia njia apite.

Mizue akakaa.

"Nenda wewe," alisema.

"Mimi?"

"Ni mama yako."

"Mizue, mimi nitamfanya nini? Hata sijui... Wali bado haujaja!"

Ilikuwa aibu kubwa, na hata yeye aliisikia mara tu ilipomtoka. Yule bibi mzee aliyepiga makofi aliangalia pembeni. Shintani alifuta kisu chake, akakilaza.

"Bwana Kitade," alisema kwa upole, "wali nitakufungia. Mama yako hawezi kufungwa akawekwa."

Mke wa mpishi alikuwa tayari ameshika koti la Yasunori. Akavalishwa, akatoka, mlango ukateleza ukafunga.

Mizue alibaki na kiti kitupu pembeni yake. Shintani alimletea samaki mwingine, wa moto, kwa sababu yule wa kwanza alikuwa ameshapoa. Akaanza, "Huyu anavuliwa kwa ndoano, si kwa..."

"Mkuu," alisema Mizue, "nakuomba nile kimya kimya."

Shintani alifunga mdomo. Kuanzia hapo alimwekea sahani bila neno: mchuzi mzito wa bata, kisha wali uliotoka kwenye chungu cha udongo, na kachumbari ya figili. Mizue alikuwa ameota siku kama hii, aketi, apikiwe, mtu mwingine awe na Mama. Sasa ilikuwa imefika na haikuwa na ladha. Bata alipomfika ulimini aliwaza kama Yasunori anajua kwamba bomba la gesi limefungwa chini ya sinki. Wali ulipokuja aliwaza kwamba Mama husahau kumeza. Alijikasirikia kwa kuwaza hivyo. Alimkasirikia Yasunori kwa kumfanya ajikasirikie. Angeweza kuondoka, lakini alikaa mpaka tunda la mwisho, akalikatakata na kulimaliza lote kwa ukaidi tu, kama mtoto aliyeambiwa hanyanyuki mezani.

Alipotoka, mke wa mpishi alimpa kifurushi cha matonge ya wali na kumshika mkono kidogo.

Njiani, kwenye basi, alijiandaa. Angekuta mlango uko wazi, viatu vimetupwa, Yasunori ametokwa na jasho, skafu yake imelowa. Angemtazama tu. Angemwuliza, sasa umeona? Katika mwaka wote ule hakuna kitu alichokitamani kuliko kumwona kaka yake ameona.

Alifungua mlango, akasikia kicheko.

Mama alikuwa ameketi kwenye meza yenye joto, miguu chini ya blanketi, nywele zimechanwa, anamenya chungwa. Yasunori alikuwa ameketi pembeni yake amekunja mikono ya shati. Televisheni ilikuwa inaonyesha mashindano ya mieleka.

"Yasu amekuja," Mama alisema kwa furaha, akiwa amemtambua mwanawe vizuri kabisa. Kisha akamtazama Mizue toka juu mpaka chini, akamwinamia Yasunori. "Huyu ni yule mwanamke wa kazi. Ana mikono migumu. Ukiondoka ananigombeza."

Mizue alisimama na koti lake mwilini.

"Nilimwimbia tu, akavua viatu," alisema Yasunori. Hakuwa na kiburi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa anajaribu kusaidia. "Bi Nomoto mwenyewe ameshangaa. Amekula, ametulia. Dada, usinielewe vibaya, ila labda wewe una haraka naye mno. Wazee wanahisi mtu akiwa na hasira."

Mizue alikwenda jikoni. Alifungua maji, akaweka mikono yake chini ya bomba, akayaacha yatiririke mpaka vidole vikafa ganzi. Angeweza kulia, lakini kulia kungemfanya Yasunori aje kumpigapiga begani. Akafunga maji. Akapanda juu, akachukua begi, akatia nguo za kubadilisha na mswaki, akateremka.

"Unakwenda wapi?" Yasunori aliuliza.

"Yamanaka, kwenye chemchemi za maji moto. Narudi Jumapili."

"Lini? Sasa? Mizue, treni yangu ni saa kumi!"

"Kuna nyingine Jumapili."

"Kesho nina kikao!"

"Wewe huna haraka naye. Wewe huna hasira. Anakupenda na anakujua jina." Mizue alikuwa anavaa viatu na kamba zilikuwa zinamkataa. "Kaa naye, Kaka. Dawa ziko kwenye droo ya juu."

"Hii ni kunikomoa!"

"Ndiyo," alisema Mizue, akatoka kwenye mvua.

Kule Yamanaka alilala. Aliamka, akaoga, akala wali na yai, akalala tena. Siku ya Ijumaa Yasunori hakupiga simu hata mara moja, na ukimya huo ulimtafuna Mizue kuliko angepigiwa kila saa. Aliketi kwenye maji moto mpaka shingoni akiwaza kwamba basi ni kweli, mambo yanakwenda vizuri, Mama anacheka na kumenya machungwa, na tatizo tangu mwanzo lilikuwa mikono yake migumu.

Simu ilikuja Jumamosi asubuhi, akiwa anakunywa chai.

"Mizue." Hakuijua sauti ile mwanzoni. "Alitoka. Nilikuwa naoga tu, Mizue, naoga, dakika mbili. Ameletwa na askari wa kituo cha pale njia panda, hana viatu, miguu imekuwa ya zambarau. Nilipomshika alipiga kelele. Aliniita mwizi. Mtaa mzima umesikia. Ameniuma mkono."

"Miguu umeipasha moto?"

"Nimeipasha. Bi Nomoto yupo. Sasa hivi amelala." Akavuta pumzi kwa nguvu. "Mama yangu ameniuma."

Mizue alikuwa ameingoja simu hiyo tangu siku nyingi. Alingoja pia furaha ije pamoja nayo, na haikuja. Alichokiona ni miguu ya Mama kwenye theluji.

"Kwa nini hukuniambia kwamba amefika hapa?" Yasunori aliuliza. Alikuwa anauliza kwa dhati. "Kwa nini hukusema, Mizue?"

Mizue aliondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Nilikuambia," alisema. "Ulikuwa unakula."

Alipanda basi la kurudi siku ile ile.

Jumatatu Yasunori aliwapigia wenye nyumba ya wazee, akasema ndiyo, bila mjadala. Mama alihamia huko kabla mwaka haujakwisha. Wiki ya kwanza alilia, ya pili akapata rafiki wa kukunja naye taulo. Mizue alirudi karakanani. Mikono yake ilitetemeka, karatasi za dhahabu zikamchanikia moja baada ya nyingine, na mwenye karakana akamweka kwenye kufunga vifurushi mpaka itakapotulia. Haijatulia bado.

Mwaka mpya ndugu walikusanyika nyumbani kama kawaida. Shangazi yao, dada wa marehemu baba yao, alikuwa amekaa karibu na Yasunori, amemshika mkono ule ule ulioumwa.

"Bahati yetu tuna wewe," alikuwa anamwambia. "Kuacha kazi Tokyo, kuja kukaa na mama yako siku zote zile, ukaona mwenyewe kwamba anahitaji kulelewa vizuri. Kuna watoto wangapi wa kiume wanaofanya hivyo siku hizi?"

Yasunori aliinua macho, akakutana na ya Mizue, akayashusha. Masikio yake yalikuwa mekundu. Hakumsahihisha shangazi.

"Si kweli, Mizue?" shangazi aliuliza. "Si Yasu ndiye aliyeliona?"

Mizue alikuwa ameshika birika la chai. Aliangalia kama kaka yake atasema lolote. Alimpa muda, muda mwingi tu, kwa kuwa katika mambo ya kungoja alikuwa na mazoezi. Yasunori akachukua chungwa, akaanza kulimenya.

"Mjazie shangazi chai wewe mwenyewe, Kaka," Mizue alimwambia, akaweka birika mbele yake. "Mimi nakwenda kumwona Mama."